Bi. Shamimu Pazi na Kasi ya Masomo Yetu

Bi. Shamimu Pazi anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia kituo chetu cha mafunzo ya wakulima kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Siku msomaji wa masomo alipougua, alikaa yeye mbele ya kinasa sauti, na kiti kile hakukiacha tena.

Kanda zake zilipanda hadi milimani, Mgeta na Kinole, ndani ya matenga yaliyorudi matupu kutoka sokoni. Leo masomo yake yote 214 yako kwenye tovuti. Kufoka hajui, ila kutania anajua: fundi mitambo wetu, Luqmani, akichelewa kazini, Bi. Shamimu humwamkia yeye shikamoo, mbele ya watu.

Mwaka jana wasikilizaji wa mjini walilalamika kwamba anazungumza polepole mno. Kamati ikafikiria kurekodi masomo yote upya kwa sauti nyingine. Mwandishi wa wasifu huu, anayetunza tovuti, aliamini amepata dawa: akapandisha kasi ya kila somo mara moja na nusu, na vipindi vya kimya akavikata. Alijivunia kazi hiyo kwa siku tatu.

Siku ya nne Mama Yuliana, mkulima wa Nyandira, alipiga simu: "Nyie, nani anamkimbiza Shamimu? Mimi miche bado iko mkononi, yeye keshafika kwenye kumwagilia!"

Ndipo tulipomuuliza mwenyewe, tukajua. Kabla ya kurekodi, Bi. Shamimu hupanda tuta moja kwa mikono yake huku akitazama saa, kisha huacha kimya cha muda uleule, ili mkulima afanye kazi bila kugusa simu kwa vidole vyenye udongo.

Hakukasirika. Alivuta kiti, akauliza kama kasi haiwezi kuachiwa msikilizaji mwenyewe. Iliwezekana. Vipindi vya kimya nikavirudisha, na sasa kila somo hufunguka kwa kasi ya kawaida, na chini yake pana kitufe cha kupunguza au kuongeza. Ukichagua, ukurasa hukumbuka chaguo lako. Malalamiko ya mjini yamekwisha, na Mama Yuliana hajapiga simu tena.

Mwezi Mei kamati ilisikiliza somo la karoti kwa kasi ya kawaida mpaka mwisho, pamoja na kimya chake chote. Iliamua papo hapo: hakuna kurekodi upya.

Bi. Shamimu, ahsante kwa kutuvumilia sisi wenye haraka. Tunakuombea afya, mvua za wakati na migomba yenye mikungu mizito huko nyumbani kwako Kinole. Nenda ukiwa na amani: masomo yako yanabaki, yote, kwa sauti yako.