Lamria binti Sitanggang, Mpiga Gitaa wa Kenari Siantar

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliotoka Medan na Tigaras, mimi ni Jabangun Sitanggang, fundi pikipiki, kaka mkubwa wa marehemu. Watoto wake waliandika karatasi nzuri ya kusomwa hapa, ila ndani yake hamna neno hata moja juu ya gitaa, kwa hiyo nimeikunja nikaitia mfukoni, nami naomba nisikatizwe.

Lamria alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 kijijini Tigaras, akaanza shule hapo hapo mwaka 1953, akamaliza sekondari ya chini hapa Siantar mwaka 1962, kisha akaajiriwa katika duka la vitambaa. Mwezi Agosti 1963 yeye na wenzake watatu, Rotua akiwa kwenye ngoma, waliunda bendi ya Kenari Siantar, wote wasichana, mwanamume pekee akiwa mimi mbeba nyaya. Amplifaya niliiunda mwenyewe kwa redio mbovu, bila kufundishwa na mtu, nayo ilikuwa ikifuka moshi wimbo unaponoga, Lamria akinitania mbele ya watu kwa lile jina letu la kuitana kaka na dada, "Ito, leo tunapiga muziki au tunachoma samaki?" Walipiga harusini na kwenye mashamba ya chai, watu wakapanda juu ya meza, lakini santuri hawakurekodi hata moja, na sababu ni mimi.

Mwezi Mei 1967 ukoo wa Hutasoit ulikuja kwetu kwa mazungumzo ya faragha ya posa, na kwa kuwa baba alikwisha kufariki, mimi ndiye niliyeketi mahali pake. Mzee wao mmoja akaniuliza, "Huyu binti yenu atatuletea wajukuu au makelele?" Watu wakacheka, damu ikanichemka, nikaapa pale pale kwamba gitaa limekwisha, bila kumuuliza mwenye gitaa. Wiki iliyofuata ikaja barua karakanani kwangu, studio ya Medan ikiwaita wote wanne tarehe 3 Juni. Nilimpa Rotua barua hiyo nikamwambia Lamria amekataa, hataki tena kuonekana nao, na Lamria nikamwambia wenzake wamekwenda na mpiga gitaa mwingine. Walikwenda watatu, wakarudishwa mlangoni kwa kuwa walioitwa ni wanne. Waliporudi Siantar, Rotua akasimama barabarani akapaza sauti, "Mwambieni akae na mchumba wake, sisi hatumjui!" na maneno hayo, jamani, niliyafikisha nyumbani siku ile ile.

Tarehe 21 Oktoba 1967 alifunga ndoa na Pardomuan Hutasoit, wakajaliwa watoto wawili, Saur na Dameria, na wajukuu watano, naye akafiwa na mumewe mwaka 2009. Miaka hamsini na sita yeye na Rotua walikaa mji mmoja, mmoja akimwona mwenzake anavuka barabara.

Aliugua figo tangu Novemba 2022. Mwezi uliopita, kitandani, aliniuliza, "Ito, Rotua hajawahi kuniulizia?" Rotua alikwisha kuniuliza habari zake mara mbili, nami nikajibu, "Lala, usijichoshe." Alifariki tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi. Mimi ninayejisifu sokoni kwamba sina maneno mawili, nilikuwa nayo mawili miaka yote hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika tangu juzi, wanakwaya, na mafundi wenzangu walioleta viti.

Inang Rotua, mama yangu, umeketi pale mlangoni kwa sababu unadhani ulikataliwa. Dada yangu hakukukataa hata siku moja, aliyekukataa ni mimi, kwa kinywa hiki. Ukitaka kunitukana, nitukane, watu wote wapo, lakini kwanza njoo ukae huku mbele, karibu naye.

Wapisheni njia mama huyu apite. Ito, pumzika. Amani niliyokunyang'anya, sina namna ya kukurudishia.