Mkono wa Mwalimu Pandeli

Baba Padri, dada yangu Donika, Mimoza na Andon watoto wa marehemu, majirani wa hapa Bronx na wageni mliovuka mto kutoka Manhattan, mimi ni Sotir Bello, shemeji wa marehemu, fundi wa mabomba na vipasha joto, niliyeombwa na familia kuwasomea maisha ya Mwalimu Pandeli Gjika, na kabla sijaanza nataka ieleweke kwamba haya yote niliyashuhudia mimi mwenyewe kwa macho yangu mawili, pamoja na yale machache yaliyotokea kabla sijazaliwa, ambayo niliyashuhudia kwa njia nyingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 mjini Korçë, Albania, mtoto wa nne na wa mwisho wa Vangjel, mshona viatu, na Polikseni, mama wa nyumbani, akabatizwa kanisani wakati makanisa yalikuwa bado na milango. Alianza shule ya msingi mwaka 1960, na hesabu zikamkaa kichwani kama kofia. Mwaka 1967, mwaka uleule kanisa letu lilipogeuzwa ghala la unga, alichaguliwa kwenda kusoma Tirana katika shule ya bweni ya watoto wa wakubwa, jina lake silitaji, kwa sababu mbili, kwanza alikuwa na akili, pili alikuwa na biografia safi, na wazee wenzangu mnaelewa, lakini kwa ajili ya wajukuu niseme kwamba biografia ilikuwa sura ya ukoo wako mbele ya Chama, yaani Chama cha Kikomunisti kilichotawala, ukiwa na mjomba aliyewahi kumiliki duka la vitambaa basi umekwisha, na ukoo wa Gjika haukuwahi kumiliki chochote zaidi ya sindano na nyundo.

Katika shule hiyo aliketi dawati moja na Ligor Zografi, kijana kutoka kwetu Korçë, wakigawana mkate, wino na blanketi. Mwezi Novemba 1970, katika somo la historia ya Chama, Ligor aliinuka akauliza, “Mwalimu, kama sisi sote tunakubaliana siku zote, kura tunapiga za nini?” Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka, na kesho yake ukutani kwenye ukumbi wa shule ilibandikwa ile karatasi tuliyoiita karatasi ya radi, jina la Ligor juu kwa herufi nyekundu, makosa yake chini, na chini kabisa nafasi wazi ambayo mshitakiwa mwenyewe alitakiwa aijaze kwa kujikosoa mbele ya wote. Ligor aliandika maneno mawili tu, “Niliuliza tu.” Ikaitishwa mikono ya wanaokubali afukuzwe, na Mwalimu Pandeli, aliyekuwa na miaka kumi na saba, aliinua wake kabla katibu wa Chama hajamaliza sentensi, kwa sababu, alivyonieleza mwenyewe, hakuogopa kuinua mkono, aliogopa kuwa wa mwisho. Familia ya Ligor ilipakiwa kwenye lori pamoja na jiko lao la kuni, ikapelekwa kwenye mashamba ya matope ya Myzeqe, na huko Ligor alichimba mifereji mpaka serikali ile ilipoanguka.

Marehemu alihitimu Chuo Kikuu cha Tirana mwaka 1975, akafundisha hesabu Korçë kwa miaka ishirini na miwili. Tarehe 18 Oktoba 1980 alimwoa dada yangu Donika, harusi niliyoisimamia mimi nikiwa na miaka kumi na minne, nikamkagua bwana harusi kuanzia viatu, nikampitisha. Mungu aliwajalia Mimoza mwaka 1982 na Andon mwaka 1986. Nchi ilipovurugika mwaka 1997 kila mtu aliyejua kuhesabu alifungasha, na tarehe 9 Mei 1998 familia ilitua New York, mimi nikawa nimeshatangulia kuwaandalia mji. Mwalimu aliosha vyombo katika mkahawa, akawa anafundisha watoto wa mwenye mkahawa, kisha watoto wa marafiki wa mwenye mkahawa, na Septemba 2004 akaajiriwa katika shule moja ya wenye nazo, upande wa mashariki wa ile bustani kubwa ya Manhattan, shule yenye mlango wa shaba na watoto wanaoshushwa na madereva.

Aliipenda shule hiyo, wala asitokee mtu hapa akasema vingine. Alikuwa akirudi nyumbani akimwambia Donika, “Mke wangu, leo mtoto kaniambia mbele ya darasa kwamba nimekosea, na kweli nilikosea, halafu akaenda zake kula chakula cha mchana! Unaelewa maana yake? Akaenda kula!”

Vuli ya mwaka 2020 shule ilianza mambo mapya. Nia ilikuwa nzuri, Mwalimu alilisema hilo hadi mwisho, kuna watu wameonewa nchi hii kwa muda mrefu kwa sababu ya rangi yao na yeye alilijua, lakini walimu walianza kukalishwa kwa duara, kila mmoja akitakiwa aeleze ubaya alioutenda bila kujua. Zamu yake ilipokaribia hakuelewa wanataka nini hasa, basi akaketi mezani jikoni akafanya jambo ambalo Mwalbania wa umri wake hulifanya kama kupiga chafya, akaandika kujikosoa kwa kanuni kamili ya Tirana, kwanza ukubali yote uliyoulizwa na ambayo hukuulizwa, pili uwashukuru wenzako kwa kukufumbua macho, tatu useme safari bado ndefu na uombe usimamiwe. Alidhani watamcheka wamwache. Lo! Wakalia. Mkuu wa shule, Daktari Hollis Pratt, alimkumbatia akamwambia, “Pandeli, ujasiri ulioje! Umejifunzia wapi?” naye akajibu, “Shuleni.” Wiki iliyofuata wakampa kazi ya kuwaelekeza walimu wengine namna ya kuandika vya kwao.

Siku hiyo nilikuwa kwa dada nakula byrek, ile sambusa yetu kubwa ya mchicha, nikaona kwa macho yangu Mwalimu akiingia bila kuvua koti. “Nimepandishwa cheo,” alisema, na Donika akamwuliza mbona hafurahi, akajibu, “Nimepandishwa kwa kitu kilekile, Donika, kile nilichokijua nikiwa na miaka kumi na saba.” Kwenye mkahawa wetu wa Waalbania wazee hawakumwonea huruma hata kidogo, alipotia mguu tu wakapiga meza, “Simameni, katibu kaingia!” na mwingine, “Wee profesa, umevuka bahari kukikimbia Chama, kumbe Chama kilikata tiketi kabla yako!” Alikunywa raki yake, pombe yetu kali ya zabibu, akaenda zake. Katika miaka yote niliyomjua, na nimemjua yote, sikuwahi kumwona amechoka vile.

Januari 2021, kwenye kikao, Bi. Caroline Whitlow, mwalimu wa fasihi, ambaye yuko nasi hapa leo, aliuliza, “Na asiyekubaliana na zoezi hili, akaseme wapi?” Hakuuliza zaidi ya hapo. Kufikia Ijumaa mlango wa darasa lake ulikuwa umefunikwa vikaratasi vya rangi, kila kimoja na kosa lake, na wale waliosoma pale zamani wakawa wanamwandika mtandaoni, ambao ndio ukuta wa siku hizi. Mkuu akamtuma Mwalimu Pandeli aende akamsaidie kuandika kujikosoa, kwa kuwa yeye ndiye bingwa. Akaenda, akamkuta analia, na Bi. Caroline akamwambia, “Mwalimu, niambie tu niandike nini, nina watoto,” naye akamjibu, “Binti yangu, ninalijua kila neno, koma na nukta. Ndiyo maana sitakuandikia.”

Tarehe 12 Februari 2021 walimu wote waliitwa maktaba, nami nilikuwepo, nimelala chini ya kipasha joto kilichokuwa kinavuja, wala mtu asibishe, kwa sababu nilikitengeneza na bado hakivuji. Bi. Caroline alikuwa amekaa mbele peke yake. Daktari Pratt, kwa sauti ya upole sana, akasema, “Wanaosimama pamoja na walioumizwa, naomba wasimame.” Viti vikalia. Wakasimama wote, hata wale niliowasikia asubuhi wakinong’ona kwamba mama wa watu anaonewa, na Mwalimu Pandeli akabaki ameketi, mikono yake miwili juu ya magoti. Mkuu akamwuliza kwa huruma, “Pandeli, ni magoti?” Akajibu, “Hapana, Daktari, magoti mazima. Nimekaa.” Nilitazama mkono wake wa kulia kutoka pale chini, alikuwa ameushika kwa wa kushoto.

Hakuna aliyemfukuza. Mwezi Juni walimwambia mkataba hautaongezwa, wakampa keki. Bi. Caroline aliondoka kabla yake, akahamia New Jersey, jimbo la jirani. Halafu kikaja kile kilichomchosha kuliko vyote, watu wa redio wakaanza kupiga simu, wakitaka aseme Amerika imekuwa Albania, na mmoja wao, kijana mwenye haraka, nilimsikia kwenye spika akisema, “Profesa, ni kitu kimoja, sivyo? Sema tu ni kitu kimoja!” Mwalimu akamjibu, “Bwana mdogo, Ligor alipelekwa kwenye matope miaka ishirini. Caroline amepelekwa New Jersey. Usinifundishe hesabu.” Kijana akauliza, basi hakuna kinachofanana? Mwalimu akasema, “Mkono. Mkono ni uleule,” kisha akakata simu, akamwomba Donika asipokee nyingine.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa subira, akipungua kama sabuni. Mwezi Januari mwaka huu aliomba atafutiwe namba ya Ligor Zografi, tukaipata Thesaloniki, Ugiriki, ambako mzee huyo bado anapanga vigae ukutani, nami nikamshikia simu sikioni kwa sababu mkono wake haukuweza tena. Alimweleza yote, ya mwaka 1970 na ya maktaba, akamalizia, “Safari hii nilikaa, Ligor,” na Ligor akamwambia, “Pandeli, ndugu yangu, basi tumelingana, lala.” Marehemu alifariki tarehe 11 Februari 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Morris Park, mkewe na watoto wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa jengo lake waliopanda ngazi na vyungu vya supu lifti ilipokufa, wazee wa mkahawa waliokuja kumtania hadi kitandani, na walimu wenzake, wale waliosimama siku ile na leo wamekuja, maana nawaona pale nyuma, karibuni mbele, viti vipo.

Nilikuwa nimemaliza hapa, lakini dada yangu ananitazama tangu nilipotaja simu, na macho yake nayajua. Haya. Yale maneno ya Ligor niliyatunga mimi jana, nikiona karatasi inaishia vibaya. Ligor hakusema neno. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo ni kweli, nilisikia pumzi zake, kisha simu ikakatika, na Mwalimu akaniambia, “Ana haki,” akageukia ukutani. Ningeandika mwisho mzuri zaidi kama ningeweza, ila marehemu alishasoma karatasi nzuri za uongo za kutosha.

Sasa Baba Padri ataanza sala, na desturi ni kusimama. Anayetaka asimame, na anayetaka akae, hakuna atakayegeuka kumwangalia. Pumzika, shemeji.