Skrubu ya Shaba ya Dakta Vámos Lőrinc

Waombolezaji wapendwa, kwa niaba ya familia naomba utulivu wenu, na walioketi karibu na Profesa Kerekes Dezső, pale mstari wa mbele, naomba wamshike mikono, si kwa sababu ya huzuni peke yake, bali kwa sababu mikono hiyo tunaijua.

Marehemu Dakta Vámos Lőrinc alizaliwa tarehe 10 Agosti 1951, katika mji wa Makó, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Vámos Ambrus, mkulima wa vitunguu, na mama Etelka, na akiwa na miaka sita aliifungua redio ya baba yake ili aone mtangazaji amekaa wapi, akaifunga tena, ikalia vizuri kuliko mwanzo, ndicho kilichomponya na fimbo. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akaenda Szeged kusomea fizikia ya mwanga, akatunukiwa udaktari mwaka 1980.

Mwaka 1996 aliajiriwa katika taasisi moja ya utafiti wa ubongo hapa Budapest, akaanza kazi iliyomla maisha yake yote, kujenga na kuboresha hadubini za fotoni mbili, nasi watu wa vitunguu alituelezea hivi, kwamba ubongo wa panya aliye hai ni nyumba yenye kiza, na kila seli ni mlango unaofunguka tu wakibisha hodi wawili kwa pamoja, chembe mbili za mwanga, akibisha mmoja, kimya. Ili hodi hizo zipigwe sawasawa, leza hupita kwenye vioo vingi, kila kioo na skrubu zake, na ukizungusha skrubu moja kiasi cha unywele, mwanga wote unakwenda kumulika ukuta. Basi hapo ndipo anapoingia Profesa Dezső, mwanabiolojia, aliyekuwa na Lőrinc chanda na pete, ambaye Mungu alimjalia akili nyingi na vidole visivyotulia.

Mwaka 2003 walikuwa wamebakiza kidogo tu kuziona seli za chini kabisa, ambazo hadubini yao haikuwahi kuzifikia, Dezső akaamua kusaidia, picha ikawa giza tupu.

"Nimegusa kidogo tu, bwana!"

"Kidogo chako ni wiki mbili zangu!"

Wakanuniana, wakala meza moja bila kupeana hata chumvi, na wakubwa wa taasisi wakaanza kusema kwamba hadubini hiyo wapewe watu wanaoelewana. Lőrinc hakugomba tena, alichonga skrubu kubwa ya shaba, akaisugua ikang'aa, akaifunga mbele kabisa ya hadubini, akaandika juu yake USIGUSE, na nyuma yake hakukuwa na kitu, haikushika kioo wala waya. Kesho yake Dezső akaiona, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaizungusha.

"Unaona sasa? Picha imekaa!"

Lőrinc alitoka kwenye korido akacheka huku akiuma mkono wa koti, na aliporudi, ajabu, picha ilikuwa imekaa kweli, naye akasema panya huyo ana bahati. Ikawa ndiyo desturi yao, mmoja azungushe, mwingine atoke nje acheke, na mwaka 2004 seli zile wakaziona, wakakumbatiana mbele ya watu. Wageni nao waliizungusha, hata mkubwa mmoja wa serikali, akasema ameona tofauti kubwa.

Kuhusu ndoa, marehemu alimwoa dada yangu Piroska, mwalimu, tarehe 5 Mei 1979, wakajaliwa watoto wawili, Boglárka na Ákos, na kwa kuwa kazini alizoea kuziba kila taa ndogo kwa utepe mweusi isiharibu picha, nyumbani aliziba mpaka saa ya jiko inayowaka, dada yangu akapika kwa kukisia miaka yote, na mimi shemeji mtu nimezila keki hizo, naomba pole yangu.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara kadhaa, mpaka mauti yalipomkuta tarehe 14 Machi 2023, akiwa ameacha agizo moja tu: "Dezső aambiwe habari ya skrubu, lakini nikiwa ndani ya jeneza, maana humo hawezi kunipiga."

Juzi dada alimwita profesa nyumbani, akamwekea supu ya samaki na glasi ya pálinka, ile pombe kali ya matunda, akamwambia yote. Profesa akaikoroga supu mpaka ikapoa.

"Shemeji, nilijua siku ile ile. Ilizunguka kama gurudumu la baiskeli."

"Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unaizungusha ya nini?"

"Ili atoke nje akacheke. Akishatoka, nakilegeza kioo cha tatu. Alikuwa anakikaza mno, na ukimwambia, ananuna."

Dada alicheka mpaka akashika meza, kisha akamwona profesa analia.

"Nikiizungusha sasa," alisema, "nani atatoka nje?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa ghorofa ya tatu walioleta vimikate vya pogácsa bila kuombwa, wafanyakazi wenzake waliozima leza leo kwa heshima yake, na panya wote, hatuwasahau.

Skrubu ya shaba tumeifunga kwenye jeneza, upande wa kulia, na maandishi yake yale yale, na familia imekubali profesa aizungushe mara moja kabla hatujamshusha, sasa mnaweza kumwachia mikono, nasi wengine tutatoka nje kidogo tucheke kwa niaba ya marehemu, ambaye leo, kwa mara ya kwanza, atabaki ndani.

Lőrinc, shemeji yangu, picha imekaa. Pumzika kwa amani.