Valvu ya Kifuani

Kijiwe kiko mbele ya kibanda cha kuziba pancha: benchi linaloyumba, birika la kahawa, na watu waliobobea katika yasiyowahusu. Asubuhi hiyo Fundi Cherehani alifika roho ikiwa juu. Kaka yake alikuwa amelazwa, pafu limetoboka, tundu linagoma kuziba. Hewa ilitoka kwa mpira aliochomekwa kifuani na kububujika kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Daktari alitaka jibu siku hiyohiyo: wapasue kifua, au wapitishe mrija mwembamba mdomoni, waweke ndani ya pafu kivalvu kinachotoa hewa bila kuiingiza, sehemu iliyotoboka ipumzike mpaka ipone.

— Mdomoni? Pancha, mwenye kibanda, alicheka kwa dharau. Umewahi kuniona naziba tairi kwa kupitia kwenye valvu?

— Sijawahi.

— Basi. Na valvu kazi yake kuingiza hewa. Hao wanamfunga kaka yako kinyumenyume.

Profesa, aliyepata cheo hicho kwa kusikiliza redio tu, alitikisa kichwa.

— Hicho kidude kina waya. Watasikia kila anachomwambia mkewe.

— Na akipiga chafya? Fundi aliuliza.

— Kinafyatuka. Shemeji yako akae mbali, kitamtoa jicho.

— Apasuliwe, Pancha akahukumu. Kazi ya kweli huonekana kwa mshono. Wewe si mshonaji?

Upuuzi mtupu, Fundi aliwaza. Ila ulikuwa unamwingia, na hilo lilimuudhi kuliko upuuzi wenyewe. Akatoa simu ampigie daktari, aseme wapasue.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri baiskeli yake izibwe alimgeukia.

— Samahani, baba. Mgonjwa anaweza kuongea?

— Anaongea vizuri tu.

— Yeye mwenyewe anataka lipi?

Fundi alimtazama Pancha. Pancha akamtazama Profesa. Profesa akapata shughuli na kikombe chake.

Mapema asubuhi ile, hospitalini, Fundi na daktari walikuwa wamesimama miguuni pa kitanda wakimjadili mgonjwa, naye anawatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Mara mbili alifungua mdomo. Fundi alimwambia apumzike. Sasa aibu ilimshika hadi masikio yakawaka moto.

— Mgonjwa anajua nini, Pancha alinung'unika, akichovya mpira wa baiskeli kwenye beseni.

Fundi alikuwa ameshashika njia ya hospitali, simu mkononi, hajampigia mtu.