Huruma ya Njia Nzima

Muuguzi alikuwa ametoka zamu, miguu imemvimba, akining'inia kwenye bomba la basi mbele ya wanawake wawili waliokaa. Mmoja wao, fundi cherehani, alikuwa akimwonyesha jirani yake simu.

"Shangazi, hotuba hizi za huruma zimenibadilisha kabisa. Sasa tuna mradi wa kuwapikia wagonjwa mtaani."

"Na mama mkwe wako uliyesema anaumwa, umempikia?"

"Yule ana mdomo, shangazi!"

"Basi huruma yako inachagua."

"Kwani yako haichagui?"

Wakabishana njia nzima, huku muuguzi akipumzisha mguu mmoja na kuutesa mwingine. Basi liliposimama, fundi aliinuka, akamwona muuguzi.

"Jamani, dada, umechoka! Kaa hapa."

Kilikuwa kituo cha mwisho. Dereva alikuwa ameshazima injini.