Delphine Mwaba na Magunia Ishirini ya Ruashi

Wapendwa waombolezaji, ndugu, majirani, na ninyi mliotoka Katuba na Ruashi tangu asubuhi, familia imenituma mimi Cathy, dada mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha yake, nami nimekubali kwa shingo upande, mtaona kwa nini.

Delphine Mwaba alizaliwa Kabalo tarehe 9 Aprili 1978, mtoto wa nne wa baba Laurent, fundi wa reli, akafika Lubumbashi mgongoni mwa mama mwaka 1980, baba alipohamishwa. Alisoma Katuba, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1997, kisha akasomea takwimu hadi 2001, na nyumbani tulimtania kwamba alihesabu hata maharage ya kwenye sahani.

Tarehe 21 Agosti 2004 alifunga ndoa na Stéphane katika parokia yetu ya Katuba, wakahamia mtaa wa Hewa Bora, Mungu akawajalia Merdi mwaka 2005, Ephraïm 2008 na Sephora 2012.

Tarehe 3 Julai 2006 aliajiriwa na mradi wa msaada wa chakula kuwa mpimaji wa ubora, kazi ambayo wengi wetu hatukuielewa, kwa maana hakufungua magunia yote, bali katika magunia mia nne ya unga alichukua ishirini, akifuata namba za bahati nasibu zilizoandikwa kwenye karatasi na si macho yake, akayafungua, akanusa, akapima unyevu, na yakioza zaidi ya mawili, shehena nzima inakataliwa.

Tarehe 12 Februari 2021, katika depo ya Ruashi, magunia mawili yalikutwa na ukungu, na la ishirini, la mwisho kabisa, lilikuwa na doa la ukungu kwenye pembe, dogo kama kiganja. Nje watu walikuwa wamesimama na kadi zao za msaada tangu alfajiri, mimi nikiwa mmoja wao, na wajukuu wanne wakiningoja nyumbani. Guelord, mkuu wa depo, alimsihi mbele ya wabebaji wote, "Mama Merdi, acha ile, kamata ingine, nani atayua?" Delphine alikaa juu ya ndoo, karatasi magotini, akijua kwamba akibadilisha gunia moja, basi kila karatasi aliyotia sahihi kwa miaka kumi na minne inakuwa uongo, na asipobadilisha, dada yake anarudi mikono mitupu. Alitia sahihi ya kukataa. Tulikaa siku kumi na tisa bila unga.

Shehena ilipelekwa kuteketezwa, mengine mia tatu na themanini hayakufunguliwa, hivyo hakuna aliyejua kama yalikuwa mabaya au mazima, naye hakujua hadi kufa kwake. Ruashi ilivuma kwamba ameuza unga wetu, kanuni za kazi zilimfunga mdomo asijitetee, Stéphane alikuwa amepoteza kazi yake ya reli, kwa hiyo Delphine hakuweza hata kuiacha yake, akawa anapita nyuma ya nyumba za watu ili afike depo, na bukari, ugali wetu, ilimshinda kumeza. Mimi sikumsalimu miaka mitatu. Nasema hivyo kwa aibu.

Figo zake zilianza kumsumbua Mei 2024, akalazwa mara nne, na tarehe 2 Septemba 2025 aliniita kitandani, akaniuliza mimi dada yake mkubwa, "Yaya, kama ingekuwa weye, ungekamata ingine?" Nilitengeneza shuka. Alifariki tarehe 6 Septemba, saa nne asubuhi, akiacha mume na watoto watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Hewa Bora waliotupatia viti na maji, na wenzake wa kazini, hasa baba Guelord, ambaye amebeba jeneza.

Mdogo wangu, jibu lako limechelewa, leo ni siku ya nne tangu ufumbe macho, lakini nalitoa mbele ya watu wote walionisikia nikikusema vibaya: ndiyo, ningekamata lingine, ningewapikia wajukuu wangu unga ule bila kujua una nini, na ningelala usingizi. Wewe hukulala, kwa ajili yetu. Nisamehe, Delphine, na sasa ulale.