Uzi Mwekundu Kwenye Kichaka cha Fundi

“Utakikata mimi nikiwa maiti!”

“Basi subiri zamu yako, dada. Leo tunachimba kaburi moja tu.”

Ndivyo walivyobishana asubuhi hii watoto wawili wa marehemu, kwa sababu ya kichaka kilichosimama pale pale anapotakiwa kulala mama yao, shimo likiwa limeanza kuchimbwa kando yake. Kaka ametoka na panga, amenuna. Kabla hajakifikia, tusikie mama huyu alikuwa nani.

Marehemu, fundi cherehani, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Shule alisoma miaka minne. Alifukuzwa kwa kumpima mwalimu kwa macho na kumwambia bega moja limeshuka. Na kweli lilikuwa limeshuka. Alishona barazani miaka arobaini na mmoja.

Tarehe 2 Agosti 1972 aliolewa na seremala, mtu wa maneno machache na kikohozi kikubwa. Mwaka 1989 seremala aliingia msituni kuchagua mbao. Ilipatikana kofia tu, imetundikwa kwenye kichaka kichanga. Mkewe hakulia. Alikichimbua na mizizi yake, akajaza ndoo udongo wa pale pale na majani yaliyooza, maana mmea wa msituni huususia udongo wa ugenini. Tawi lililotazama mawio alilifunga uzi mwekundu, ili nyumbani akipande kikielekea kulekule kilikozoea. Alikiweka kivulini, nyuma ya nyumba. Kikashika. Majirani wakaanza kusikia kikohozi bustanini.

“Ni upepo,” aliwaambia.

“Upepo unaokohoa, mama?”

“Umepata mafua.”

Januari mwaka huu aliugua kifua, akalala chumba cha nyuma. Binti yake, kila akifungua dirisha, aliuangalia ule uzi: kwanza ulitazama mawio, kisha ukuta, na wiki ya mwisho ukatazama kitandani. Tawi halikuvunjika. Kichaka kizima ndicho kilichogeuka. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi, saa tisa alasiri, akilitabasamia dirisha.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, cherehani moja na—

Kaka ameingia. Panga kavu, halina hata jani. Anaketi sakafuni kama mtoto.

“Dada, uzi unalitazama shimo,” anasema. “Mwambie mchimbaji alipanue kidogo. Mzee kasogea mwenyewe hadi ukingoni.”

Nje, kikohozi kimoja. Kisha kimya.

Walale kwa amani, wote wawili.